Haina Hati, Punguza

Katika biashara ya nyumba za Dar es Salaam kuna maneno mawili yenye thamani ya mamilioni, na anayeyatamka halipi hata senti. Maneno yenyewe ni "haina hati". Mnunuzi huyasema akiwa amesimama mlangoni, akishamaliza kugonga ukuta kwa vidole na kulikagua bati, kwa sauti ya mtu aliyesikitika kweli. Muuzaji huinamisha kichwa kama aliyefumaniwa. Dalali, ambaye tangu jana alijua kuwa haina hati, hujifanya ndiyo kwanza anasikia. Kisha bei inashuka.

Nimekuwa shahidi kwenye mauziano matano, yote upande wa Mbagala na Chamazi. Sababu ni moja tu: mtaani kwetu nahesabiwa kuwa msomi, na mtu akiuza au akinunua hupenda awepo wa kumsomea karatasi kabla hajaweka dole gumba. Mara zote tano nyumba haikuwa na hati. Mara zote tano mnunuzi naye alikuwa akiishi kwenye nyumba isiyo na hati. Ndiyo maana ule ushauri unaozunguka kwenye simu zetu kila wiki, kutoka kwa mawakili wa mtandaoni na walimu wa uwekezaji, umenichosha: usinunue nyumba bila hati. Ushauri huo unamlinda mwenye pesa na kumpunguzia mwenye nyumba, na sisi vijana tuliosoma tunausambaza kwa bidii utadhani tunalipwa.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Makadirio ambayo yamerudiwa kwa miaka mingi yanasema zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wako kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupangwa wala kupimwa. Mwambie mtu wa Kivule au Buza asinunue bila hati. Sawa, anunue wapi?

Atajibiwa: kuna nyumba za gharama nafuu. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, na limejenga, siwezi kukataa. Ila nenda Mwongozo, Kigamboni, uulize bei, halafu urudi umweleze fundi cherehani wa Tandika maana ya neno "nafuu". Au mpeleke akaone Dege, hukohuko Kigamboni, ambako mfuko wa hifadhi ya jamii uliingia ubia wa kujenga nyumba zaidi ya 7,000 na kazi ikasimama katikati ya muongo uliopita, maghorofa yakabaki yanatazama bahari bila madirisha. Ile ilikuwa pesa ya wafanyakazi.

Au akope benki. Riba ya mikopo ya nyumba kwa miaka mingi imecheza kati ya asilimia 15 na 19. Nilikaa na kikokotoo nikapiga hesabu ya mkopo wa shilingi milioni 50, riba asilimia 17, miaka 20. Marejesho ni kama shilingi 733,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa takriban milioni 176. Kwa mwalimu anayeanza kazi hiyo ni karibu mshahara wote. Si ajabu kwamba mikopo ya nyumba ya nchi nzima ukiijumlisha haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa, ingawa sheria yake ilipitishwa 2008 na kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo hiyo ikaanzishwa 2010.

Kwa hiyo soko la nyumba nafuu Dar es Salaam ni lile la mtaani. Hakuna jingine. Ndilo limejenga Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, bila ruzuku na bila kukata utepe. Mtu ananunua hatua 20 kwa 20 na kulipa kwa mafungu matatu. Mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali hadi kwenye linta. Akiishiwa anaweka boma sokoni, na mwenzake aliyepata mchezo wa kikoba analinunua pale lilipofikia, anaezeka chumba kimoja na sebule, anahamia na mapazia badala ya milango. Hakuna benki inayokuuzia nusu nyumba. Mtaa unakuuzia, tena unakubali umalizie deni baada ya mavuno ya korosho kule kwenu Lindi.

Na mtaa una sheria zake, tofauti na wanavyodhani wanaoutazama kutoka juu ya daraja la Kijazi. Siku ya mauziano wanaitwa majirani wa pande zote nne kuonyesha mpaka: huu mwembe wangu, ule mfereji wake. Mjumbe anakuwepo. Katika mauziano mawili kati ya yale matano, mwenyekiti wa mtaa alikataa kugonga muhuri mpaka mke wa muuzaji aje mwenyewe na kusema kwa mdomo wake kuwa ameridhia. Hakukitaja kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ambacho ndicho hasa kinachotaka ridhaa hiyo kwa nyumba ya wanandoa, lakini alikitekeleza vizuri kuliko madalali wengi wenye ofisi za viyoyozi.

Sasa turudi kwa yule aliyeinamisha kichwa, maana maonyo yote ninayoyasoma humsemesha mnunuzi. Jihadhari usitapeliwe, hakikisha, chunguza. Anayeuza hana anayemwandikia. Anafikiriwa kuwa tapeli mpaka athibitishe vinginevyo.

Mauziano ya tatu niliyoshuhudia yalikuwa ya mama mmoja jirani, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga na marehemu kwa miaka kumi na mmoja. Mwanawe alikuwa anasafishwa damu kwa sababu ya figo. Mama alikwenda kwanza kuomba mkopo kwa dhamana ya nyumba. Wakamwomba hati. Ndipo akamwita dalali. Alitaka milioni 28. Tulisaini milioni 19. Mnunuzi aliyatumia yale maneno mawili kwa ustadi, mara tatu kwa saa moja, na kila mara yalikata milioni kadhaa. Jambo ambalo sijalisahau ni kwamba mama alikwisha kulipa mchango wa upimaji. Mtaa ulichangishwa miaka miwili kabla, kampuni ya upimaji ikapokea fedha, ikapiga vigingi vichache vyenye rangi nyekundu kisha ikapotea. Risiti yake ilikabidhiwa kwa mnunuzi pamoja na funguo. Kampuni iliporudi, baada ya kelele nyingi, hati ilitoka kwa jina la mnunuzi. Mwaka uliofuata akapaka ukutani kwa herufi kubwa: INAUZWA, INA HATI. Akaipata milioni 45.

Hakuvunja sheria yoyote, na nyumba hakuiongeza hata tofali. Tofauti ya ile bei ilitoka kwenye mwaka mmoja au miwili ya subira, na subira ni kitu ambacho mwenye mgonjwa hana. Wanaotuambia kwamba soko litamlipa kila mtu anachostahili wangeitazama ile karatasi.

Mtaniambia kuna utapeli. Upo. Kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili, mrithi anaibuka kutoka Tanga akiwa na kaka zake, dalali anauza uwanja wa mpira. Lakini tazama unakotokea. Kumbukumbu ya mauziano ya mtaa mzima iko kwenye kabati la mtu mmoja, ambaye uchaguzi ukimwangusha anaondoka na faili zake nyumbani. Halafu kuna hili la bei. Ofisi ya mtaa hudai sehemu ya mauzo, mara nyingi asilimia 10, na dalali naye anataka asilimia 10 yake. Kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wanakubaliana kuandika bei ndogo kuliko iliyolipwa. Mauziano manne kati ya matano niliyosaini yana bei ya uongo, na mimi nilikuwa naijua. Siku kesi ikifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mtu aliyelipa milioni 15 ana karatasi ya milioni 8. Na lazima ifike huko, maana tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata limebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu, halihukumu tena. Utapeli huu umezaliwa na karatasi zisizo na mahali pa kukaa. Kumwambia mtu asinunue hakuzipi mahali.

Serikali nayo isijifanye haizijui nyumba hizi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita haiulizi hati. Ukinunua umeme, kodi imeshakatwa kabla hujawasha taa. Yaani nyumba ya yule mama ilikuwa nyumba halali kila mwezi ilipodaiwa, ikageuka kitu chenye mashaka siku ilipotaka kuuzwa. Kama Hazina inaweza kuihesabu kwa namba ya mita, Wizara ya Ardhi inashindwaje kuiandika?

Na si kwamba hatujawahi kujaribu. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuja na leseni ya makazi, na katikati ya miaka ya 2000 maelfu ya watu Dar es Salaam walizipata: karatasi rahisi, ya muda mfupi, isiyosubiri mtaa mzima upangwe upya. MKURABITA ilianza 2004 kwa ahadi kwamba mali za wanyonge zitaandikwa ili ziwakopeshe wenyewe. Miaka ishirini imepita na tunaendelea kuchangisha fedha za vigingi. Kila awamu hupenda mradi mpya wa hati kamili, ramani, barabara za mita kumi, uzinduzi. Hati kamili ni nzuri, naitaka hata mimi. Lakini kuisubiri kumekuwa ndiyo biashara yenyewe ya wale wenye uwezo wa kusubiri.

Ninachokidai ni kidogo na kinachosha hata kukisema: daftari. Rejista ya mauziano katika kila ofisi ya mtaa, nakala yake halmashauri, nyingine kwenye kompyuta ya wizara. Iandikwe namba ya mita, majina ya majirani wanne, picha, bei ya kweli, ridhaa ya mwenzi, na ada ya kudumu inayojulikana, elfu ishirini au thelathini, badala ya asilimia. Asilimia ndiyo inayotufundisha kusema uongo. Nyumba iliyoko bonde la Msimbazi au juu ya bomba la gesi iandikwe hivyo, kwa herufi nyekundu, asije mtu akauziwa mafuriko. Na kisha, hapa ndipo penye ugomvi, sheria itamke kwamba aliyeandikwa kwenye daftari hilo kwanza ndiye mwenye haki mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba benki na saccos zinaweza kukopesha kwa dhamana yake.

Wapimaji watasema daftari halina vipimo. Kweli, halina. Mabenki yatasema hatari ni kubwa. Yanasema hivyo hata kwa wenye hati, ndiyo maana ya asilimia 17. Wenyeviti watalipinga kwa sababu ya ile asilimia yao. Na wanunuzi wenye pesa mkononi, wale wanaozunguka Chanika na Msongola siku za Jumapili wakitafuta mtu mwenye shida, hawatalipinga hadharani. Wataendelea tu kutuma ule ushauri.

Mwezi ujao nimeitwa tena, mauziano ya sita, nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Muuzaji anataka milioni 14. Nimemwomba alete risiti za upimaji, na mashine ya LUKU tuipige picha na namba yake ionekane, na nimemwambia nitasaini iwapo tu bei itakayoandikwa ndiyo itakayolipwa. Dalali amenipigia mara mbili kuuliza kama kuna shahidi mwingine.