Saikolojia si ya walimu pekee, nasi tufunzwe

Mwalimu yeyote aliyesomea ualimu chuoni alipitia saikolojia ya elimu. Alifunzwa jinsi kijana anavyojifunza, kwa nini anasahau, na mbona akibalehe anaanza kubishana na kila mtu nyumbani. Kisha anaingia darasani, mbele ya vijana ambao hawajawahi kufunzwa lolote kati ya hayo. Yaani wanaozungumziwa na somo hilo ndio wasiolisoma!

KCSE haina saikolojia. Sekondari Pevu nayo, iliyopokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026, ina mikondo mitatu. Ukichagua Sayansi za Jamii utapata Historia, Jiografia, Biashara, masomo ya dini na lugha. Saikolojia haimo. Sisi tunasema iwemo, kama somo la hiari.

Mbona? Kwa sababu vijana tayari wanaisoma, ila mwalimu wao ni TikTok. Siku hizi kila mpenzi aliyekuacha ni "narsisti", kila aliyechoka ana "depreshoni", na kila anayesahau daftari ana ADHD. Haya ni majina ya hali ambazo mtaalamu huchukua muda kuzichunguza. Tukiyatupa ovyo, siku rafiki yako atakapougua kweli na kuomba msaada, ataambiwa "wacha drama". Hapo ndipo mzaha unapogeuka kuwa hatari.

Na usidhani somo hili ni kupiga soga kuhusu hisia. Ni sayansi. Mnamo 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kumbukumbu. Aligundua kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kubukua kwa mkupuo mmoja. Jaribio kama hilo halihitaji maabara. Kalamu, karatasi na saa vinatosha. Wewe unayekesha usiku wa kuamkia mtihani ungefaidika kulijua mapema, sivyo?

Hapa nyumbani pia kuna ushahidi. Mnamo 2021, jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti kuhusu mpango wa Shamiri, uliohusisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari, bali vijana waliopewa mafunzo mafupi. Kwa saa moja kila wiki, kwa wiki nne, wanafunzi walijadili mambo kama shukrani na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kudurusu.

Wapo watakaosema masomo tayari ni mengi. Ndiyo maana tunataka liwe la hiari. Wengine watauliza, nani atafunza? Vyuo vikuu vyetu, kikiwemo cha Nairobi na cha Kenyatta, hufunza saikolojia. Wanaohitimu wapewe mafunzo ya ualimu, na shule chache zianze.

Uingereza, saikolojia imekuwa kati ya masomo yanayopendwa zaidi katika mtihani wa A-Level. Hata hapa Kenya, shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa huko zinaweza kuifunza. Je, kujielewa kuwe kwa wenye karo nene tu?

Tahadhari moja: somo hili lisichukue nafasi ya mshauri nasaha. Kusoma Biolojia hakukufanyi daktari, na kusoma saikolojia hakutakupa kibali cha kuwatibu wanafunzi wenzako bwenini. Ila utajua ni lini wa kumwambia, "Twende tuone mtaalamu."

KICD ikiketi kupitia upya masomo ya Sekondari Pevu, iweke saikolojia mezani. Nawe kijana, wakiomba maoni ya umma, usiwaachie wazee pekee wakuzungumzie.