MAONI YA KATIBU: ANAYEVUTA MAGARI SI ADUI YETU



Juzi kijana wa tawi letu, anayefanya kazi kwenye kampuni ya kuvuta magari hapa Kariakoo, alipigwa spana kichwani na mwenye gari. Ameshonwa nyuzi sita. Kwenye kundi letu wengine mliandika "safi sana". Nimesikitika.

Gari lile liliziba mtaa mzima. Soko letu liliungua Julai 2021, tuliona wenyewe. Moto ukitokea tena, zimamoto wapite wapi?

Lakini malalamiko yenu nayo ni ya kweli. Kijana yule hana mshahara, analipwa kwa kila gari linalofika yadi. Mimi ni mtu wa hesabu: ukimlipa mtu kwa idadi ya magari, atatafuta magari, hatatafuta njia ipitike. Ndiyo maana wanamvizia aliyesimama dakika mbili kushusha mzigo. Ndiyo maana "tumalizane hapa hapa" haiishi.

Tudai mambo matatu: vijana walipwe mshahara, vibao vya maegesho vionekane, na faini ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, risiti mkononi. Nitalifikisha kwa diwani.

Na sisi tuanze. Usizibe njia. Usitoe hela bila risiti. Mchango wa matibabu ya kijana wetu mpeni mweka hazina. Naye atawaandikia risiti.

Katibu wa Tawi