Mashauri ya Nyumbani: Mkanda wa Motokaa



Siku hizi si ajabu jamaa wa kijijini kuchanga fedha na kununua gari la juu, kama Prado kuukuu, la kupelekea mahindi sokoni na la kumkimbiza hospitali mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Gari la namna hiyo si anasa. Basi yafaa tujue jambo moja ambalo wenye motokaa wengi hawalifikirii mpaka wamekwama porini, nalo ni mkanda wa taimingi.

Mkanda huu ni wa mpira wenye meno, nao umefichwa mbele ya injini chini ya kifuniko. Huunganisha krenki, inayozungushwa na pistoni, na ile shafti inayofungua vali. Krenki ikizunguka mara mbili, shafti huzunguka mara moja, wala haifai kukosea hata jino moja. Mkanda ukikatika, injini huzimika papo hapo. Katika injini za dizeli pistoni huzigonga vali zikapinda, na gharama ya kutengeneza hupita bei ya mkanda mara nyingi. Tena mara nyingi mkanda haupigi kelele kabla ya kukatika. Ndiyo maana hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita, 100,000 au 150,000, kama kitabu cha gari kisemavyo. Gari lililokuja kutoka Japani limekwisha kutumika, na hakuna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini? Badilisheni mara moja.

Wazee wengi humpigia simu kijana wao aliyeko Temeke au Kinondoni, wakamwambia, “Tununulie mkanda wa Prado.” Agizo hilo halitoshi. Prado za miaka ya 1996 hadi 2002 zilitengenezwa na injini za namna mbalimbali. Yenye injini ya petroli ya 3RZ haina mkanda huo kabisa, ina cheni. Yenye dizeli ya 1KZ ina mkanda. Yenye petroli ya 5VZ, silinda sita, ina mkanda mwingine, tena mrefu zaidi, unaozungusha na pampu ya maji. Basi mpelekeeni kijana namba ya injini na namba ya chesisi, ambayo imeandikwa kwenye kibati chini ya boneti. Kwa namba hizo muuza spea ataipata namba ya mkanda wenyewe.

Gereji ziko nyingi Temeke na Kinondoni, lakini maduka ya spea yamejaa zaidi Kariakoo na Gerezani, upande wa Ilala. Kijana apande daladala aende mwenyewe, asimpe dalali fedha. Aulize bei katika maduka matatu, kisha ashike mambo haya.

Kwanza, asinunue mkanda wa mtumba hata ukionekana mzima, kwa maana mpira huzeeka ndani.

Pili, atazame maandishi ya boksi na ya mkanda wenyewe. Herufi zilizokosewa, rangi inayofutika kwa kidole, na meno yasiyolingana ni dalili za bidhaa ya bandia.

Tatu, anunue pamoja beringi ya kukazia mkanda na sili za oili za mbele, na pampu ya maji ikiwa huzungushwa na mkanda huo. Fundi akishafungua, kazi ni ile ile; na oili ikivuja juu ya mkanda mpya, utaharibika upesi.

Nne, asiukunje wala kuupinda anapoufunga kwenye mzigo wa basi. Nyuzi za ndani zikivunjika, haitaonekana kwa nje.

Tano, adai risiti, na namba ya mkanda iandikwe juu yake.

Sasa neno kwa wazee. Ukituma nusu ya bei na kumwambia kijana “jitahidi,” umemsukuma anunue bandia. Na wewe kijana, ukinunua wa bei ya chini na masalio ukatia mfukoni, usidhani umechukua shilingi chache za mjomba. Mkanda ule utabeba mgonjwa. Vivyo hivyo muuza duka anayeuza bandia akijua: huvunja amri ya saba, na huenda na ya tano pia. Serikali nayo inakataza, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani. Aliyeuziwa bandia aweza kupeleka malalamiko huko, akiwa na risiti yake.

Fundi akimaliza kazi, andikeni tarehe na kilomita kwenye karatasi, mkaibandike chini ya boneti, ili hata dereva mwingine ajue. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazameni mkanda wenu kabla masika hayajaharibu njia.

Mungu awabariki.