Kiziwi Kwenye Sayari ya Mirihi

Mwaka 2004 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Doom 3, mchezo wa kompyuta wa kupigana na mashetani kituoni Mirihi, mwaka 2145. Giza tupu. Adui humwoni, unamsikia akikoroma nyuma yako. Hata namba za kufungulia baadhi ya makabati ya silaha zinatajwa katika sauti zilizorekodiwa na wafanyakazi wa kituo. Kiziwi afanyeje? Maneno yanayosemwa hayakuandikwa popote kwenye kioo.

Wasituambie ni gharama. Waigizaji walisoma kutoka wapi, kama si kwenye karatasi? Mwaka huohuo Half-Life 2 ya Valve ilitoka na maandishi, ya maneno na ya milio pia. Na Doom 3 yenyewe iliongezewa maandishi na wapenzi wake, watu wa nje ya kampuni!

Wengine hudai kuuonyesha mlio ni kuua utamu. Fortnite, tangu 2018, inaweza kumchorea mchezaji alama za upande zinakotoka nyayo na risasi. Nani ameukimbia kwa sababu hiyo?

Sisi tuliofika ughaibuni Kiingereza kikitupiga chenga tunayajua maandishi hayo. Wengi tulifuata sinema kwa macho kabla masikio hayajazoea, na hakuna aliyetuita wagonjwa. Kijana kiziwi analipa bei ileile dukani, kwa nini apewe nusu ya mchezo? Kabla hujamnunulia mwanao, muulize muuzaji: una maandishi? Kama hauna, urudishe rafuni, na umwambie sababu.