Reli ya Kwanza ya Mjini Isipite Posta

Niseme mapema ili tusizunguke: siku Dar es Salaam itakapoamua kujenga reli yake ya mjini, iwe ya kupita juu ya nguzo au chini ya ardhi, njia ya kwanza isiguse Posta, isiguse Kariakoo, isikaribie hata Mnazi Mmoja. Ianzie Tegeta, ipande Wazo na Goba, iteremke Mbezi Mwisho, ikate Malamba Mawili na Kinyerezi mpaka Banana, iingie Kitunda, Kivule na Chamazi, itokee Mbagala Rangi Tatu, kisha ishike Kongowe na Toangoma hadi Kibada, Kigamboni. Kwa makisio yangu ya kwenye ramani ni kama kilomita 60. Tuichore, tuipangie vituo, halafu tuidai.

Tazama mji ulivyo. Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa ni vidole vinne vya mkono mmoja, na kiganja chake ni katikati ya mji. Sura hiyo iliufaa mji wa zamani, ambao bandari, ofisi, hospitali, soko na stendi vyote vilikuwa mahali pamoja, na wakazi wake mwaka 1967 hawakufika 400,000. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728. Wilaya ya Ilala peke yake ina watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912. Hawa hawajajazana Kisutu na Upanga. Wako Chanika, Majohe, Msongola, Mbande, Toangoma, Goba, Kibamba. Walikwenda huko kwa sababu ndiko kilikopatikana kiwanja cha kununuliwa kwa mshahara mdogo na hela ya vikoba.

Na sisi tumefanya nini? Tumenenepesha vidole. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kwa kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni na matawi yake. Awamu ya pili ikafuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ambako njia ya zege ilimalizika ikakaa muda mrefu inasubiri mabasi. Ya tatu ikashika Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto. Daraja la juu la Tazara likafunguliwa 2018, lile la Ubungo 2021. Kazi kubwa, na aliyewahi kukaa saa mbili kwenye foleni ya Ubungo hawezi kuibeza. Lakini karibu kila senti ya mradi humo ilikwenda kumwahisha mtu katikati ya mji au kumtoa. Nani aliwahi kukaa chini akamuuliza mtu wa Kivule anataka kwenda wapi?

Maana huduma zenyewe zimeshahama. Mabasi ya mikoani yaliondolewa Ubungo, tangu 2021 yanaondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Hospitali ya Mloganzila imejengwa upande wa Kibamba. Viwanda vimesambaa, maghala yamesambaa, masoko yamesambaa. Tumeyatoa haya yote nje ya mji na kumwachia abiria nauli. Mama wa Chamazi aliyepewa rufaa ya mtoto kwenda Mloganzila anaanza kwa kuitafuta Mbagala, anaingia mjini ambako hana shida nako, anabadilisha gari, anatoka tena mjini kwa Barabara ya Morogoro, anabadilisha tena. Mtoto yuko mgongoni. Anakatiza mji mzima kwenda na kurudi, na nauli za magari matatu zinamtoka kila upande. Kwenye ramani Chamazi na Kibamba zote ziko pembeni. Kinachomtesa ni kwamba pembeni hapana njia ya kwenda pembeni.

Nenda kasimame Chanika au Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri uone tulichozoea kukiita usafiri. Gari halijasimama na watu wameshaning'inia mlangoni. Mkoba unarushwa dirishani kushika siti, na mwenye mkoba anaufuata kwa dirisha hilohilo. Wengine wamepanda kituo cha nyuma wakiwa wanaelekea kusiko, wamelipa nauli ya kwenda na ya kurudi, ili wageuze nalo na wapate pa kukaa. Kugeuza nalo! Mtu analipa mara mbili kwa safari moja, kila siku ya kazi, na hakuna bajeti ya wizara inayomhesabia hiyo nauli ya pili. Mbele ya mlango amesimama mtoto wa sare, begi kifuani, anatazama daladala ya tatu ikimwacha kwa kuwa konda ameshasema wanafunzi wawili tu. Konda naye ana hesabu ya tajiri jioni, na nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mtoto huyo atachapwa au atafokewa kwa kuchelewa, na mwisho wa mwaka tutauliza kwa nini shule za pembezoni hazifaulishi.

Kinachoniunguza zaidi kiko juu ya vichwa vyetu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na tangu Julai mwaka huohuo inafika Dodoma. Naipenda reli ile na najivunia kuwa ni ya kwetu. Lakini ikishatoka stesheni ya mjini, kituo kinachofuata ni Pugu. Katikati hapo iko Ilala, iko Vingunguti, iko Karakata, iko Gongo la Mboto. Treni ya kisasa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo inapita kwenye madirisha ya watu wanaogombania daladala, na haina mahali pa kuwapakia. Najua ni treni ya masafa na haiwezi kusimama kila mtaa. Basi ilipokuwa inachorwa, ilikosekana nafasi ya kuchora pembeni yake treni nyingine ya kusimama kila mtaa?

Wala tusiambiwe Watanzania hawatapanda treni ya mjini. Oktoba 2012 ilianzishwa ile ambayo wananchi wenyewe waliibatiza Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ikitumia reli mbili za zamani: ile ya kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, na ile ya TAZARA ya miaka ya 1970. Moja ilitoka mjini kupitia Buguruni kwa Mnyamani na Mabibo hadi Ubungo Maziwa, nyingine ilipita Kitunda hadi Mwakanga. Mabehewa yalikuwa ya kukarabatiwa, reli ni ya njia moja inayogombaniwa na mizigo, safari ni za asubuhi na jioni tu. Ikajaa. Hilo lilikuwa jaribio, na jibu lilipatikana ndani ya wiki chache za kwanza. Tulichofanya na jibu hilo ni kuliacha likae.

Sasa wanakuja watu wa fedha. Kilomita 60 za reli ya mjini ni ghali, nakubali, na sitamdanganya mtu kwamba zitajengwa kwa awamu moja. Lakini tuulizane gharama inapimwaje. Lagos ilianza mradi wake wa reli ya mjini mwaka 1983, chini ya Gavana Lateef Jakande. Mwaka 1985 serikali ya kijeshi ya Buhari ikaufuta, na walipa kodi wakabaki na hasara ya makumi ya mamilioni ya dola bila hata kilomita moja ya kupanda. Treni ya kwanza ya Lagos ilikuja kubeba abiria Septemba 2023, kwenye njia ya kilomita 13. Miaka 38 imekwenda, mji umevimba mara kadhaa, ardhi imepanda. Waliosema mwaka 1985 kwamba nchi haina uwezo waliwauzia watoto wao reli ileile kwa bei kubwa zaidi.

Fedha za kazi kama hii hutafutwa pale reli inapozitengeneza. Hong Kong shirika la reli hupewa haki ya kuendeleza ardhi ya vituoni kwa bei ya kabla ya reli, na faida ya majengo inarudi kujenga njia. Sisi thamani hiyo tunaiachia madalali. Kila mkazi wa Kinyerezi na Goba anajua kinachotokea fununu ya barabara ikitoka: kiwanja kinapanda bei kabla greda halijashushwa, na anayevuna ni aliyenunua ekari ishirini akaziacha pori zikingoja. Huyo atozwe. Atozwe kwa pori lake, kila mwaka, na hela iende kwenye nguzo za reli.

Mkoa wa Paris nao umetozana ili kujenga reli. Kwa zaidi ya karne moja treni zake nazo zilielekea katikati, na vitongoji vya wafanyakazi na wahamiaji vikabaki kupokea mabasi. Clichy-sous-Bois iko kilomita kama 15 kutoka katikati ya Paris na haikuwa na treni wala tramu. Oktoba 2005 vijana wawili wa hapo walikufa kwa umeme wakiwakimbia polisi, na hasira iliyolipuka ikaenea Ufaransa nzima kwa wiki tatu. Tramu ilifika mtaani kwao Desemba 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2010, ilikuwa imepitishwa sheria iliyoanzisha mradi wa kilomita 200 za njia mpya na vituo 68, nyingi zikiwa chini ya ardhi, na mhimili wake ni Njia ya 15, kilomita 75 zinazouzunguka mji bila kuingia katikati. Sehemu ya fedha inatokana na kodi maalumu ya ofisi za mkoa huo. Gharama imevuka makisio, tarehe zimesogezwa, na ujenzi unaendelea. Wamekubali kwamba mtu wa pembeni ana safari zake mwenyewe. Ilibidi mitaa iwake moto ndipo nchi nzima imsikilize; sioni kwa nini sisi tusubiri hadi hapo.

Watasema ardhi yetu ni mchanga na maji yako karibu. Cairo walichimba wakapita chini ya Mto Nile, kwenye udongo laini uliolowa. Hata hivyo sehemu kubwa ya njia hii haihitaji shimo. Itapita juu ya nguzo, kama reli ya umeme inavyopita Ilala. Watasema umeme. Njia yenyewe inapita Kinyerezi, kwenye mitambo ya gesi, na Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Hofu ninayoiheshimu ni moja: matengenezo. Addis Ababa ilifungua reli yake ya mjini mwaka 2015, na baada ya miaka michache treni nyingi zikawa zimesimama kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo karakana na mafundi viingie kwenye mkataba kabla ya mabehewa, na vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA waanze kufundishwa siku nguzo ya kwanza inasimikwa.

Kitu kimoja hakiwezi kungoja mkopo, nacho ni mkuza, yaani ukanda wa ardhi ya kupitisha reli. Pita leo Kivule au Msongola uhesabu misingi iliyochimbwa mwezi huu. Kila msingi ni familia itakayokuja kuvunjiwa. Tuliyaona Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017, watu wanaamka na alama nyekundu ya X ukutani, wengi wakiambiwa hawana fidia kwa kuwa wako ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba za miaka mingi zilishuka kwa siku chache. Bati zikapangwa kando ya lami na wenye nyumba wakakaa juu yake. Anayekataa kuchora reli leo kwa kisingizio kwamba fedha hazipo anaiandaa X ya mwaka 2040. Kuchora hakuhitaji bilioni. Kunahitaji wapima, vigingi, tangazo la serikali, na ujasiri wa kumwambia diwani kwamba hapa hapauzwi.

Dar es Salaam ilikuwa na mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979, na mji ukaipita yote kwa mbio. Mpango unaokaa kabatini hauwezi kumzuia mtu anayenunua kiwanja Jumamosi kwa mjumbe. Ramani ya njia hii ibandikwe kwenye ofisi ya kila serikali ya mtaa, Tegeta hadi Kibada, pakiwa na rangi inayoonyesha mkuza unapita kwa nani. Ibandikwe kabla ya viwanja vipya kuuzwa. Anayehamishwa alipwe kabla hajahama, kwa bei ya soko. Daladala zisifukuzwe, zipewe ruti fupi za kuwaleta watu vituoni, Mbande kwenda Chamazi, Majohe kwenda Banana, na tiketi iwe moja kwa safari nzima. Vituo viwe na taa, choo, na sehemu rasmi ya mama lishe na machinga, kwa sababu watakuja tu. Mwanafunzi aingie kwa kadi yake kwenye geti lilelile la watu wazima, bila mtu wa kumhesabu.

Na tuanzie kati, Mbezi Mwisho hadi Rangi Tatu kupitia Banana, kipande kinachokutana na Barabara ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa, reli ya kati, na TAZARA pale Kitunda. Kikisimama hicho, mabawa ya Tegeta na Kigamboni yatajidai yenyewe. Bajeti ijayo ya uchukuzi itakaposomwa Dodoma, wabunge wa Ukonga, Segerea, Kibamba na Mbagala waulize swali moja kwa sauti moja: fungu la kupima mkuza huu liko ukurasa wa ngapi? Kama halipo, warudi majimboni wakalieleze hilo stendi, saa kumi na moja alfajiri.