Jino bovu la mtoto si jambo dogo: Moba isingoje mpaka moyo uharibike

Moba, jimbo la Tanganyika. Mtoto akilia usiku kwa ajili ya jino, jibu la nyumba nyingi linajulikana. Mama anamsukutulisha maji ya chumvi, jirani analeta karafuu, kisha mkubwa mmoja anamaliza maneno: «Hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe.» Siku ya tatu maumivu yanapoa na habari inaishia hapo. Maneno hayo yanasemwa kwa upendo, lakini ni makosa, na makosa hayo yanaweza kufika mpaka kwenye moyo.

Kweli, jino la utoto linang'oka. Lakini magego ya utoto hukaa kinywani mpaka mtoto afikie miaka 10 au 12. Gego likioza akiwa na miaka 4, atabeba uozo huo miaka sita au zaidi. Tena maumivu kupoa si kupona. Mara nyingi ni mshipa wa ndani ya jino uliokufa, na usaha unaendelea chini kwenye mzizi. Hapo kuna damu, na kila mtoto anapotafuna, vijidudu vinapata njia ya kuingia katika damu hiyo.

Mzazi asitiwe hofu ya bure: si kila jino bovu linaleta ugonjwa wa moyo. Mtoto mwenye moyo mzima, mwili wake unawafukuza wageni hao upesi. Hatari kubwa ni kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, au ambaye vali zake, yaani vile vilango vya moyo vinavyopitisha damu, zimekwisha kuharibika. Kwake vijidudu vinapata pa kushika na vinaanza kula vali. Inakuja homa isiyoisha, kukonda, kuchoka na kukosa pumzi. Bila dawa za sindano kwa majuma kadhaa, ugonjwa huo unaua.

Basi nani ana vali mbovu? Hapo ndipo Moba na Kalemie zinapaswa kusikiliza vizuri. Katika nchi za Afrika ya mashariki na kati, watoto wengi wanaharibika vali kwa homa ya rumatizimu. Homa hiyo haitoki kwenye meno, inaanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, nayo hupenda mahali watu wanapolala wamebanana. Tangu mapigano ya Watwa na Waluba ya miaka ya 2016 na 2017 yalipowatoa watu vijijini, familia nyingi za Tanganyika zinajua maana ya kulala watu saba chini ya turubai moja.

Na ugonjwa huo unajificha. Kaskazini mwa Uganda, watafiti walipima watoto kwa mashine ya kuangalia moyo, wakapata wengi wenye vali zilizoanza kuharibika huku wakicheza kama wenzao. Watoto 818 waliingia katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Waliopewa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, chini ya mmoja katika 100 alizidiwa. Wasiopewa, karibu 8 katika 100 walizidiwa.

Maana yake ni hii: mama aliye kambini hawezi kujua kwa macho ni mtoto yupi ana vali mbovu, na mashine ya kumwambia haiko karibu naye. Kwa hiyo kila jino bovu litibiwe kama mlango ulioachwa wazi. Anayesema «ni jino tu» anabahatisha na moyo wa mtoto asiyemjua.

Wakubwa wana majibu yao. La kwanza: kuna njaa, kuna kipindupindu, meno yangoje. Hakuna anayeomba dawa ya kipindupindu iondolewe. Kinachoombwa ni mswaki na dawa ya meno ndani ya mfuko uleule wa sabuni na ndoo, kila mara wanapogawa, si siku mfadhili anapokumbuka.

La pili: hakuna umeme, hakuna mashine, daktari wa meno yuko mbali. Jibu hilo limezeeka. Katikati ya miaka ya 1980, ng'ambo ya ziwa hili hili, nchini Tanzania, ilianzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu bila umeme wowote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza dawa ya meno yenye fluori na saruji hiyo ya kuzibia katika orodha ya dawa za lazima. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumfundisha muuguzi mmoja katika kila eneo la afya na kumpa vyombo vyake.

La tatu ndilo baya kuliko yote: wazazi ni wazembe. Mama aliyekimbia bila sufuria si mzembe kwa kukosa mswaki. Mzembe ni yule anayepanga misaada, akahesabu vinywa vya kulishwa, akasahau meno yaliyomo.

Hata hivyo, mzazi naye ana kazi yake, asingoje mradi. Meno ya mtoto yasuguliwe mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. Dawa yenye fluori inatosha kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3. Chai ya sukari isiachwe kwenye biberoni usiku, na bombo zisiwe za kila siku. Jino lisichokolewe kwa waya wala koleo la fundi. Shavu likivimba pamoja na homa, mtoto afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Koo likiuma na homa juu, vilevile. Na mwenye mtoto aliyeambiwa ana ugonjwa wa moyo amweleze muuguzi kabla jino halijang'olewa.

Vali ya bandia inawekwa Dar es Salaam na Kampala, si Moba, na bei yake haishikiki na mvuvi wala mkulima. Wazee walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Mswaki unanunulika leo. Viongozi wa afya wa jimbo na mashirika yanayohudumia kambi waseme mbele ya wananchi ni lini utaingia kwenye orodha.