AFYA YA JAMAA: Mashavu ya dawa na mnyoo wenye kujificha



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja alibaki nyuma. Alifungua kitambaa chake, akatuonyesha vidonge vya deksametazone. Alivinunua farmasi ili kumnenepesha mtoto wake wa miaka mine aliyetoka kwenye bwaki. «Mashavu yamejaa,» alisema, «lakini usiku anakohoa, na tumbo halimwachi.» Tulimsindikiza kituo cha afya siku ile ile. Sasa mtoto yuko mikononi mwa waganga. Tuongee waziwazi, kwa sababu wengi wetu tunafanya hivyo.

Deksametazone na prednizone ni dawa za kweli, muganga anaziandika kwa magonjwa fulani. Lakini hazijengi mwili. Zinaleta hamu ya kula, zinajaza uso maji na mafuta, na zinashusha kinga. Bwaki nayo imekwisha kuishusha. Ni kumfukuza mlinzi wakati mwizi yuko tayari ndani ya nyumba.

Mwizi huyo ni mnyoo mdogo unaoitwa strongiloidesi. Jike lake lina urefu wa milimita 2 hivi. Hutaliona chooni kama unavyoona askarisi. Watoto wake wanakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na mavi. Wanapenya ngozi ya mguu mtupu, wanapita mapafuni, wanamezwa, wanafika tumboni. Wanaozaliwa humo, wengine wanamwingia upya mtu yule yule. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Kinga ikianguka, minyoo inaongezeka na kutoka tumboni ikibeba mikrobi mpaka kwenye damu, mapafu na ubongo. Hapo mtoto anaweza kufa.

«Lakini alimeza dawa ya minyoo shuleni!» Vizuri, na aendelee kuimeza. Kidonge kimoja cha albendazole kinaua askarisi, lakini strongiloidesi mara nyingi inabaki. Dawa yake ni ivermektine, inayopimwa kwa kilo za mtoto. Chini ya kilo 15, muganga ndiye anaamua. Tena, kwa mtu mwenye minyoo ya loa loa mingi katika damu, dawa hiyo inaweza kudhuru. Basi usiinunue mwenyewe.

Tushike haya:

• Usimpe mtoto dawa ya kunenepesha. Kama amekwisha kuimeza siku nyingi, usiikate ghafla: peleka mtoto pamoja na vidonge vyake kwa muganga.

• Kama mtoto anatibiwa kwa prednizone kwa ajili ya figo, au anatibiwa kansa, au anaishi na virusi vya ukimwi, usiache dawa zake. Uliza tu: «Amepimwa minyoo?» Kupima mavi mara moja kunaweza kuikosa, kubali kurudia.

• Homa, kikohozi, kuharisha na tumbo kuvimba kwa mtoto wa namna hiyo: nenda leo, usingoje kesho.

• Choo chenye kufunikwa, viatu miguuni, mikono yenye kunawa kwa sabuni.

Na mwili? Mwili unatoka kwenye sahani: maharagi, ndagala, yai, sombe yenye mafuta kidogo. Unarudi polepole, lakini unabaki.

Tuonane juma lijalo.